Utomvu Uliosalimia Ushirika

Shosho Muthoni alikuwa akipalilia sukuma wiki nyuma ya nyumba yake, Kabiria, akalikuta tena lile ua la mpangaji wake Fidel. Lilikuwa limempita urefu, vichwa vinang'aa kama vimepakwa asali. Akavivunja vichache ili mboga zipate jua. Vidole vikagandamana. Akasugua na sabuni, wapi!

"We Fidel, mbona ua lako linanata hivi?"

Fidel akachungulia dirishani, mswaki mdomoni. "Shosho, usiguse! Mbegu nilitoa kwa mmea mama, ulionata kuliko yote. Ni kama wewe unavyochagua mahindi ya kupanda."

"Kwani ni ulimbo wa kutegea ndege?"

Fidel akacheka tu. Shosho akanusa vidole, akaketi chini pu! Bangi! Na maji alikuwa akiinyeshea yeye mwenyewe. Tena leo ushirika wa maombi ulikuwa kwake, na mgeni ni Kaloki, naibu wa chifu. Akiiona, Shosho atalala seli.

Kabla hajaing'oa, wageni hao mlangoni. Akawanyooshea kifundo cha mkono, kama mtu aliyetoka shambani na viganja vichafu.

"Mwenyekiti atunyime kiganja?" Peres, mwanaushirika mwenzake, akamdaka mkono. "Umetukasirikia?"

Basi akawapa wote, nao wakapeana wao kwa wao, kama desturi ya ushirika.

Chai ilipomiminwa, Kaloki akainua andazi, akasita. "Hapa kuna mtu ameshika bangi. Leteni mikono!"

Akanusa wa Peres: bangi. Wa mzee Haron: bangi. Wa mke wa pasta: bangi tupu, na andazi limeganda hapo.

"Na wako, chifu?" Peres akauliza.

Kaloki akanusa kiganja chake, akafumba macho.

Shosho akajikaza. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Hana mikono, lakini amewasalimu nyote."

"Tumeshindwa," akasema Haron. "Chukua mji. Chukua Karen kwa matajiri!"

"Karen nimekaa, nimechoka na nyasi zao. Jibu liko nyuma, kwenye sukuma. Alipanda Fidel. Mimi nilinyeshea tu, nikidhani ni ua."

Kaloki akaenda, akatazama, akarudi. "Nikishika mmoja, itabidi nijishike. Fidel, ng'oa!"

"Tuichome?" akauliza Haron.

"Moshi uende wapi, mzee? Itupwe chooni!"

Shosho akazungusha chupa ya mafuta ya kupikia, kwani utomvu ule hausikii maji. Fidel akaketishwa mbele kabisa, akaomba kwa sauti kubwa kuliko wote.

Jioni waliagana kwa kupunga mikono tu.