Diploma ya Kupanda

Chuo chetu cha Matsangoni kilikuwa na kozi mbili. Ya kwanza ni kupanda farasi, kwa watakaofundisha watalii. Ya pili ni mazingira, ambayo hasa ni kupanda mikoko. Mkuu wa chuo, Bwana Mansur, mtu wa kubana kila kitu hadi chai ya walimu, akaona neno ni lile lile moja. Akaziunganisha. Tukabaki na mtahini mmoja.

Mimi nilitaka farasi tu. Kuna hoteli Watamu iliyokuwa ikiningoja nikafundishe wageni, mradi nilete cheti. Nikikosa, ami yangu wa Gongoni ameshaniwekea nafasi ya kujaza chumvi kwenye magunia, na hachoki kunikumbusha.

Mtahini alikuwa Bwana Gerishom, mtaalamu wa mikoko, mwenye mabuti ya mpira. Farasi alikuwa hajawahi hata kumgusa. Akatupeleka kwenye matope ya hori ya Mida, maji ya bahari yakiwa yamekupwa.

"Fahima," akasema, "kupanda farasi. Anzia hapa."

"Farasi hapandwi matopeni, Bwana."

"Binti yangu, mimi sijaona kinachopandwa kwingine."

Nikamwongoza Sultani, farasi wetu mzee. Hakufika mbali, akazama hadi tumboni, akatulia, akaanza kutafuna majani ya mkoko. Bwana Gerishom akamzunguka, akamtikisa shingo kuona kama ameshika.

"Amesimama wima," akasema. "Nafasi kati yake na mkoko wa jirani inatosha. Umefaulu, tena vizuri sana."

Sijawahi kufaulu vizuri sana tangu nizaliwe. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

Kisha maji yakaanza kujaa.

"Sasa nimtoe, Bwana?"

"Ukimtoa umemng'oa. Mche uking'olewa alama zinafutwa. Nitarudi baada ya masika kuona kama amechipua."

Bwana Mansur, aliyekuja kushuhudia mtihani, akaninong'oneza, "Mwanangu, fikiria cheti. Huenda maji yasifike puani." Nilitamani kumpanda yeye, tena kichwa chini.

Maji yakafika mbavuni. Sultani akaacha kutafuna, akanitazama. Nikavua viatu, nikaingia, nikamkalia mgongoni. Farasi yule hamsikilizi mtu aliye chini; ukishamkalia ndipo anakumbuka kazi yake. Akachomoa mguu mmoja, akachomoa wa pili, akatoka nami hadi penye mchanga mkavu. Nilikaa sawasawa, mgongo umenyooka, visigino chini, hatamu zimelegea. Sijapata kumpanda farasi vizuri kuliko siku ile.

Bwana Gerishom alilitazama shimo lililojaa maji, akafuta alama zangu.

"Pole, binti yangu," akasema, na kwa kweli alisikitika. "Alikuwa ameshika."

Bwana Mansur naye akakataa kumpokea Sultani. Mche ulioshindwa, alisema, haurudishwi kitaluni.

Nikampigia simu ami. Nikamwambia naja Gongoni, ila sitajaza magunia, nitayabeba. Na kabla sijafika anitafutie pa kumfunga farasi.