Niletee Mama Tatu

Usiku wa jana niliota, tena nimelala kwa raha zangu, kwa sababu jioni nilikuwa nimemtambia dada Zuwena kwamba rejista na anwani za kumbukumbu za kompyuta zimo kichwani zote, aulize lolote.

Niko ndani ya kompyuta. Kuna baraza yenye vigoda vinne. Ng'ambo ya barabara kuna nyumba, zimepangwa kwa namba mpaka macho yanachoka.

"Sisi ndio rejista," kinasema kigoda cha kwanza. "Tuko karibu, tuna haraka, na kila mmoja anabeba kitu kimoja tu. Kule ndiko kwenye kumbukumbu. Nafasi tele, ila ni mwendo."

"Najua," nasema.

"Eti anajua," kigoda cha pili kinakiambia cha tatu.

Kigoda cha kwanza kimebeba jina langu, Msellem, limekunjwa vizuri kama kanga. "Akija mwingine hapa, la kwanza linafutika. Hatubanani. Ukiamka bila jina, shauri yako. Haya, tunataka kucheza. Mlete Mama Tatu, ngoma anayo yeye."

Naenda, narudi na tatu. Namba yenyewe, nimeing'oa mlangoni.

"Huyu nani?"

"Tatu."

"Tumekutuma Tatu?"

"Si mmesema..."

"Mama! Mama Tatu! Kwenu ukitumwa kumwita Mama Zuwena, anakuja Zuwena?"

"Hapana. Anakuja mama."

"Basi! Tatu ni anwani. Tunamtaka aliyemo!"

Tatu amechoka kusimama. Anajikalia kwenye kigoda cha kwanza. Jina langu linafutika.

"Pole sana, Tatu," kigoda kinaniambia mimi.

Nauliza: "Hakuna nakala?"

"Ipo. Ndani ya ngoma ya Mama Tatu."

Namnyakua Tatu kigodani, natimua mbio, namba mkononi, mpaka kwenye mlango usio na namba. "Hodi! Mama Tatu! Mama Tatuuu!"

Anatoka mama mnene mwenye ngoma kiunoni. Anaipiga: Msel-lem! Msel-lem! Jina linarudi, sifuri na moja wanakatika viuno, vigoda vinaruka, nami katikati nacheza kama harusi ni yangu.

Nikaamka. Dada Zuwena kasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Bingwa, Mama Tatu ni nani? Umemwita mpaka majirani wameamka."

"Ndoto tu, dada."

"Fungua mkono."

Nikafungua. Tatu ya bati ya mlango wa jirani, na msumari wake.

"Hiyo ni anwani tu," nikajitetea.

"Naona," akasema dada. "Aliyemo yuko hapo nje, anaitaka."