Mwanamke Aliyelala Kando ya Debe

Mzee Kuria hakuwa mtu wa runinga. Tangu binti yake Nyaguthii amlete Columbia, Maryland, Marekani, baada ya mkewe kufariki, runinga kwake ilikuwa ni taarifa ya habari na basi. Ndiyo maana Jumamosi ile ya Novemba, Nyaguthii aliporudi kutoka hospitali alikokuwa nesi na kumkuta babake ameketi mbele ya runinga kwa suti na tai, alidhani mzee amepoteza hesabu ya siku.

"Baba, leo si Jumapili."

"Najua," akasema Kuria bila kugeuka. "Kaa hapa, Maitu."

Maitu maana yake mama kwa Kikuyu. Nyaguthii alipewa jina la mamake Kuria, kama ilivyo desturi kwao, na tangu akiwa mtoto babake alikuwa akimwita hivyo. Mengine yote nyumbani kwao yalisemwa kwa Kiswahili, kwa sababu mamake alikuwa Mtaita.

Alikaa, koti bado mwilini. Kwenye skrini mzungu aliyevaa vizuri alikuwa akieleza historia ya studio moja kongwe ya Uingereza. Chaneli ile ya filamu za zamani ilikuwa imeitengea studio hiyo siku nzima, asubuhi hadi jioni, filamu baada ya filamu, na katikati yake bwana yule akitokea kusifu waliojenga na walioigiza. Kuria alikuwa ameona tangazo lake mapema wiki ile. Katika tangazo kulipita vilima, barabara ya vumbi na askari wa kaptura, naye akavitambua vile vilima.

"Pale ni kwetu," alisema sasa. "Mamangu yumo ndani ya filamu hiyo."

Nyaguthii alifikiri amesikia vibaya. Kuhusu nyanya yake alijua jambo moja tu, kwamba alikufa wakati wa hali ya hatari, enzi za mkoloni. Hapakuwa na picha yake. Hapakuwa na kaburi. Kila alipouliza, babake alibadilisha mazungumzo. Asubuhi ile, huku wazungu wakipiga gumzo na kuvuta sigara kwenye skrini, mzee alisimulia mwenyewe.

Wazungu wa sinema walifika kijijini na magari yao wakati yeye akiwa mvulana mdogo. Walitaka watu wa kuigiza kijiji kilichovamiwa. Wakawachukua wanawake waliokuwa wakitoka mtoni na madebe yao ya maji. Jioni mamake alirudi nyumbani akicheka hata kusema hawezi. Alikuwa ameuawa kutwa nzima, alisema, kwa bunduki zisizo na risasi, anaanguka, anainuliwa, anaambiwa aanguke tena, mpaka mzungu akaridhika. Akawaonyesha pale uani jinsi alivyoanguka, magoti kwanza, kisha ubavu, mkono mmoja ukilikumbatia debe.

"Mimi nikalia," Kuria alisema. "Nilidhani amekufa kweli. Akaamka akanibeba, akaniambia, 'Wee mjinga, mimi niko hai.'"

Hazikupita siku nyingi, lori la serikali lilikuja likawazoa watu. Mamake alikuwa mmoja wao. Bilha, dada yake Kuria, alikuwa bado ananyonya, akaachwa mikononi mwa nyanya yao. Ikasemekana mama yuko kambini, kisha ikasemekana ni mgonjwa, kisha haikusemekana chochote. Hakuna aliyeletewa mwili.

Filamu yenyewe ilianza alasiri. Nyaguthii hakuipenda tangu mwanzo. Wazungu walikuwa na majina, wake na huzuni zao, na walizungumza muda mrefu barazani. Watu weusi walibeba trei, au walipita gizani na panga. Alitaka kusema neno, kisha akamtazama babake. Mzee alikuwa amesogea hadi ukingoni mwa kiti, mikono ameibana katikati ya magoti.

Kisha kijiji kikavamiwa. Milio ya bunduki, moshi, wanawake wakikimbia na kuanguka. Baada ya hapo kukawa kimya, na kamera ikaanza kupita polepole juu ya waliolala.

"Simamisha!" Kuria alipiga kelele. "Rudisha, rudisha!"

Nyaguthii alibonyeza rimoti. Picha ikarudi nyuma, ikaganda. Mwanamke alikuwa amelala ubavu kando ya debe, mkono mmoja juu yake, uso umeelekea kamera. Macho yamefumbwa, mdomo umeachama kidogo. Kwenye paji la uso palikuwa na kitu cheusi ambacho katika filamu isiyo na rangi kilikuwa damu.

Kuria aliinuka, akaenda mpaka kwenye skrini, akaigusa kwa kiganja.

"Ndiye," akasema. "Kumbe ndivyo alivyolala."

Hapo Nyaguthii alielewa kwamba babake haangalii maigizo. Alikuwa anautazama mwili ambao hakuwahi kuonyeshwa. Mzee alianza kuomba kwa Kikuyu, sala ile ya makaburini, neno kwa neno, na katikati ya sala sauti ikamkatika. Alilia kwa namna ambayo Nyaguthii hakuwa ameiona hata siku walipomzika mkewe. Yeye alimshika mabega kwa nyuma, na kwa sababu ambayo baadaye hakuweza kujieleza, akatoa simu mfukoni akaipiga picha ile skrini.

Kusimamisha picha kwa rimoti kulikuwa na muda wake. Ulipoisha, filamu ikaendelea yenyewe, bwana mmoja akaingia akaomba chai.

"Zima," Kuria akasema.

Wiki zilizofuata mzee alibadilika. Akawa anakula na kulala bila kusukumwa na vidonge. Kanisani aliwaambia watu kwamba mamake amepatikana, na mchungaji akaja nyumbani na waumini wachache wakafanya ibada fupi ya kumbukumbu. Nyaguthii alipika pilau. Babake aliwashukuru mmoja mmoja mlangoni, kama mfiwa.

Jambo moja tu alilikataza. "Usimtumie Bilha picha. Mimi nina sura ya mama akicheka. Yeye hana chochote. Hawezi kumwona mamake kwa mara ya kwanza akiwa maiti."

Lakini Bilha alikuwa ameshapata habari, na akapiga simu kutoka Othaya, Kenya. "Mwanangu," alimwambia Nyaguthii, "nimezeeka na sijui mamangu alikuwa na pua ya namna gani. Babako ni mkubwa wangu, namheshimu. Lakini mama ni wetu sote. Nitumie."

Nyaguthii akaituma.

Shangazi alinyamaza siku kadhaa. Alipopiga tena, sauti yake ilikuwa chini.

"Uko na babako hapo?"

"Hapana, shangazi, niko kazini. Kuna nini?"

"Nilimpelekea Cucu Wairimu hiyo picha." Cucu Wairimu, yaani nyanya Wairimu kwa Kikuyu, alikuwa ajuza wa kijijini kwao, macho bado mazima, wa mwisho aliyebaki kati ya wanawake waliochukuliwa na wazungu wa sinema siku ile. "Alipoiona tu alisema, 'Huyu ni mamake Solomon.'"

"Solomon yupi?"

"Solomon wa Karatina, fundi wa mbao. Mamake naye alichukuliwa na lori lile lile. Nikamwambia cucu, hapana, huyu ni mama yetu, Kuria amemtambua. Akanicheka. Akasema kila mwanamke alikuwa na debe, na wote walifundishwa kuanguka vile vile. Akasema mama yetu alilala nyuma ya huyo. Umeitazama picha vizuri, huko nyuma?"

Nyaguthii alitoka wodini akasimama kwenye korido, akaifungua picha na kuikuza. Nyuma ya mwanamke wa debe, pembeni kabisa, palikuwa na pindo la nguo na unyayo wa mguu mmoja.

"Huo ndio mama," Bilha akasema. "Nimeutazama mpaka macho yananiuma. Unyayo."

Nyaguthii akaifunga picha.

"Shangazi, tumwambie Baba?"

"Tumwambie ili iweje? Ameshamzika. Utamfukulia kaburi?" Bilha akavuta pumzi. "Picha nimempelekea Solomon, ni haki yake. Aliniuliza tu kama inaweza kuchapishwa iwe kubwa."

Nyaguthii hakumwambia babake. Aliogopa kwamba mzee atamsoma usoni, na kwa kiasi fulani alimsoma.

"Ulimtumia Bilha," Kuria alisema siku moja wakinywa chai. "Usikatae, nakujua. Alisemaje?"

"Alilia, Baba."

"Alimtambua?"

"Angemtambuaje? Alikuwa mtoto mchanga."

"Kweli." Mzee alitikisa kichwa kwa huruma. "Maskini Bilha. Mimi nilimtambua mara moja." Akaweka kikombe chini. "Nikifa, Maitu, weka picha hiyo kwenye programu ya mazishi yangu. Usiandike habari za filamu. Andika jina lake tu."

"Baba, mambo ya kufa tuyaache."

"Niahidi."

Aliahidi. Angefanya nini?

Kuria alikufa mwezi Machi kwa nimonia, baada ya majira ya baridi yaliyomchosha. Nyaguthii alipeleka picha kwa mchapaji wa Hyattsville aliyekuwa akiwatengenezea Wakenya programu za mazishi. Mchapaji aliikata vizuri, akalififisha lile doa la paji la uso, na ule unyayo ukabaki nje ya fremu. Akauliza kama bibi alikuwa amelala usingizi alipopigwa picha. Nyaguthii akajibu ndiyo.

Usiku uliotangulia ibada alikuwa amempigia shangazi yake kumwuliza mara ya mwisho. "Timiza neno la babako," Bilha alisema. "Solomon nimemweleza. Amekubali."

Siku ya ibada Bilha alifuatilia kwa video kutoka Othaya, leso mdomoni. Alipoona ukurasa wa nyuma wa programu ukiinuliwa mbele ya kamera, na jina la mamake chini ya uso wa mwanamke mwingine, aliinamisha kichwa.

Baada ya ibada watu walishuka ukumbini kwa chakula. Nyaguthii alikuwa akipita na birika la chai. Mama mmoja wa kanisa, mtu mwema aliyekuwa amelia tangu asubuhi, alimshika mkono, akaitazama programu, akamtazama yeye.

"Jamani, Nyaguthii, umefanana na cucu wako! Huo uso ni huo huo."

Wengine wawili wakasogea kuangalia, wakakubali. Nyaguthii akasema asante, akamjazia kikombe, akaenda meza iliyofuata.