Watoto Waliojirudia

...isipokuwa sahihi yako tu, mama yetu, anasema Mwenyekiti, imebaki hiyo moja halafu tukanywe chai, na karatasi ya taarifa ya Umoja wetu wa vyama vitano iko mbele yangu, kalamu kaniwekea juu yake, kifuniko amekivua yeye mwenyewe, heshima gani hii, utadhani analisha mgonjwa, sahihi nne zimeshapangwa moja chini ya nyingine, yake Mwenyekiti mwenyewe, yeye wa sare za shule, imejikunjakunja mpaka imetoka nje ya mstari, ya bwana wa magodoro, ya mwalimu mstaafu wa masomo ya jioni, ya daktari wa meno anayezunguka mitaani na gari lake la matibabu, na ya tano nafasi imeachwa, Jiko la Watoto, mwakilishi, ndiye mimi, na ningeshaitia, Mungu ananiona, mkono ulikuwa njiani, kama huyu daktari hapa pembeni yangu asingeniinamia na kuninong'oneza, yule binti wako anayembeba mdogo wake mgongoni, yule mnayemwita Bi Mkubwa, anaendeleaje siku hizi, maana mimi nilimfuta kwenye orodha yangu nikijua yuko kwako... yuko kwangu, kwangu wapi, mimi nilimfuta kwangu nikijua yuko kwa mwenye sare, na mwenye sare, nikamgeukia mwalimu nikamuuliza kwa sauti ya chini, naye akasema bila hata kunitazama, kila mtu kamfuta dada, si ndiyo kanuni, alikuwa kwenye orodha zote tano yule.

Soma tu mama, soma kwa nafasi yako, anasema Mwenyekiti, na anacheka kidogo ili wenzake wajue anavumilia, na ukutani picha ya mashine bado inawaka, Bwana Takwimu, kijana wetu wa kompyuta, amesimama na kitaa chake chekundu anakizungusha kwenye nguzo mbili za rangi, moja ndefu ya mwezi uliopita na moja fupi ya mwezi huu, watoto waliojirudia wameondolewa, sitini na mmoja, hivyo idadi ya watoto wenye uhitaji mjini imeshuka, ndivyo alivyosema, imeshuka, na tukapiga makofi, mimi pia nilipiga, viganja hivi vilivyopasuka kwa majivu vilipiga makofi kwamba watoto sitini na mmoja wameacha kuwa maskini kwa kufutwa na kidole, hata sabuni haikutumika. Ehe, na mwakani tufute mia mbili, mwaka wa tatu mji mzima utakuwa umeshiba, kwa nini watu wahangaike kupika.

Maana kanuni ilikuwa nyepesi, mtoto wa darasa la pili angeielewa, ukimwona mtoto wako kwenye orodha ya mwenzio, mfute kwako, basi, na wote tukapewa orodha za wenzetu siku moja, Ijumaa, na wote tukakaa na kalamu zetu Ijumaa hiyo hiyo, watu wazima watano, wenye mihuri, mimi namwona Bi Mkubwa kwa mwenye sare namfuta, mwenye sare anamwona kwangu anamfuta, wa magodoro anamwona kwa mwalimu, mwalimu kwa daktari, daktari kwangu, futa, futa, kila mmoja na moyo mweupe, hakuna hata mmoja aliyeinua simu akasema jamani subiri, mimi nikimwacha wewe utambakiza, simu moja tu, wakati kwa kuchagua rangi ya fulana za uzinduzi tulipigiana simu wiki nzima. Na shati la shule linashibisha nani, hebu nambie, godoro linafundisha hesabu, jino likishang'olewa ndiyo tumbo limepata mboga, mtoto ana mahitaji matano nyie mnamhesabu kama kiti kilichowekwa mara tano ukumbini, mnatoa vinne, halafu tazama, hata kile cha tano hakipo.

Zamani tuligombana waziwazi angalau. Tuliwagombea watoto, mwenye sare alikuja na mpiga picha wake kwenye mlango wangu saa ya chakula, nikamfukuza na mwiko, kweli, mwiko wenye maharage, ukamchafua mpiga picha suruali, na mtoto alipita katikati ya ugomvi wetu akala kwangu, akavaa kwake, akalala kwenye godoro la yule bwana, mafahali wakipigana ziumiazo nyasi, wanasema, lakini yule alikuwa anajua kukwepa pembe, na sasa mafahali wamepatana, wameunda Umoja, wana barua yenye nembo, wanasubiri chai, na nyasi ndiyo zimeng'olewa kabisa.

Mama, kama maandishi ni madogo chukua miwani yangu, anasema daktari, na ananisogezea, mtu mwema, huyo ndiye anayeniudhi kuliko wote, kwa sababu ni mwema na bado amefuta, na mwenye magodoro anakohoa na kutazama mlango ambako vikombe vinagongana, na Mwenyekiti anaanza hadithi yake ya wafadhili, kwamba walivutiwa hasa na ule msemo wetu, kila mtoto awe na mwenyewe, waliuandika hata kwenye barua yao, na anauliza nani vile aliuleta ule msemo, ulikuwa mkutano wa mwezi gani ule, na mwalimu anasema kwa sauti ya kuheshimu, ni huyu dada hapa, ni wa kwake.

Ni wa kwangu. Nyani haoni kundule, na leo nyani ni mimi. Nilisimama mbele yao, kitambaa kichwani nimekifunga vizuri siku hiyo, nikasema watoto wanazunguka, wanakula kwangu mchana wakitoka hapo wanakwenda kunywa uji kwa watu wa magodoro, sufuria langu ni la watoto mia na kumi na wanakuja mia na arobaini, haiwezekani, kila mtoto awe na mwenyewe, nilisema, na wakapiga makofi, na nikaketi nimevimba kama andazi, na Mwenyekiti hakuongeza hata neno, msemo aliuchukua vile vile akampa Bwana Takwimu, wala hakuna aliyenilazimisha, na mimi hapa nusu saa nzima moyoni namtukana yeye na kijana wake wa kitaa, mkuki kwa nguruwe, eti, kwa binadamu mchungu.

Sufuria lilikuwa halitoshi lakini, hilo ni kweli, siwezi kulikana, wale thelathini wa mwisho walikuwa wanapata maji ya maharage na mimi ndiye niliyekuwa nawatazama machoni, si nyie, nyie mnagawa sare mara moja kwa mwaka na mtoto anaruka anacheka, mimi kila siku ya Mungu nakwangua sufuria mbele ya mtoto anayesikia sauti ya kukwangua na anajua maana yake, basi nisiseme, nisitafute njia... hapana. Hapana, usijitetee, kumbuka Jumatatu, ikumbuke yote.

Jumatatu ya wiki iliyopita alikuja kama kawaida yake, wa mbele kabisa, mdogo wake mgongoni amefungwa na shuka la bluu, bakuli lao mkononi lile lililoungua ukingoni, na alikuwa anawapanga wenzake, nyie huko nyuma, mstari unyooke, hii siyo harusi, miaka tisa, kwa nini tusimwite Bi Mkubwa, hata mimi nilikuwa namwamkia kwa utani, shikamoo Bi Mkubwa, naye ananijibu marahaba mwanangu bila kucheka, na siku hiyo nilimvuta pembeni nikamwambia mjukuu wangu, siku hizi wewe una wenyewe, ni wa kule kwa watu wa sare, umeandikwa kule. Akafikiri. Kwa sare wanapika, bibi? Aliniuliza hivyo, swali la akili kabisa, swali ambalo watu wazima watano wenye mihuri hawakuliuliza, kwa sare wanapika, na mimi nikamjibu nini, watakupangia, nikasema, neno la ofisini, nimelitoa humu humu kwenye viti hivi, watakupangia, na yeye akauliza, na huyu, akiinua bega kuonyesha mgongoni, nikasema huyu yuko pamoja na wewe, na haukuwa hata ukweli, mdogo wake hakuwa kwenye orodha yoyote, alikuwa anakula kutoka kwenye bakuli la dada yake tangu azaliwe na hakuna aliyewahi kumhesabu. Haya bibi, akasema. Asante. Akaniambia asante, jamani, akaliweka bakuli kwapani akaondoka, na wale wa nyuma yake wakasogea hatua moja mbele.

Na mimi nilijisikiaje. Hakuna anayenisikia humu kichwani, basi niseme, nilijisikia nafuu. Siku hiyo sufuria lilitosha. Kwa mara ya kwanza katika miaka minne nilimpakulia mtoto wa mwisho maharage mazito na kikabaki cha kwangu, nikaketi juu ya ndoo nikala chakula cha moto, na nikawaza, hawa watu wa Umoja wana akili kumbe, na kilikuwa kitamu, kilikuwa kitamu sana.

Nasikia Mwenyekiti, nasoma, nimejibu hivyo, maana ameuliza kama kuna tatizo, na nimefunua ukurasa wa nyuma, kiambatisho, waliojirudia, wamepewa namba tu, moja mpaka sitini na moja, na miwani ya daktari inafanya herufi ziwe kubwa kupita kiasi, namba thelathini na nane, wa kike, miaka tisa, analea mdogo, uzito, urefu, mzunguko wa mkono, meno mawili yametobolewa na wadudu, hajui kugawanya ila kuzidisha anajua, mguu saizi thelathini na mbili, kila mmoja wetu ameweka cha kwake, tunamjua huyu mtoto kuliko mama yake aliyemzaa, na sitii sahihi, hilo limekwisha, wasubiri mpaka chai ipoe, nitainuka hapa nimfuate, nimbebe na huyo mdogo wake, nitamwambia nini sijui, nitajua mbele ya safari, anakaa wapi, hebu... mahali anapopatikana, safu hii ya mwisho, na kuna mistari mitano, mmoja wa kila chama. Sare wameandika, Jiko la Watoto. Magodoro, Jiko la Watoto. Mwalimu kwa mwandiko wake mzuri, muulize mama wa jikoni. Daktari, jikoni, saa sita. Na mimi, huu hapa mwandiko wangu, mimi nimeandika, huja mwenyewe.

Huja mwenyewe. Kwetu mtoto haulizwi, analishwa, tulijivunia hilo, tuliwacheka wenzetu na fomu zao, tukasema sisi hatumuulizi mtoto baba yako nani, unalala wapi, sisi tunapakua, na ulikuwa wema ule, nilidhani ni wema, na sasa katika mji huu wote, katika vyama vitano na makabati yake na kompyuta ya huyu kijana, yule mtoto ana anwani moja tu na anwani yenyewe ni geti langu, na getini nimemweka nani, nimemweka wifi yangu, na orodha mpya mkononi, kwa amri yangu, asiye humo asipite hata akilia, na wifi ukimpa kazi anaifanya.

Mama yetu, tunakusubiri wewe tu, anasema Mwenyekiti, na sasa hacheki tena, na simu zetu zote ziko kwenye kikapu pale mbele yake, na saa ya ukutani inakaribia sita, na Jumanne ile wifi aliniambia jioni tukiosha masufuria, kuna kitoto kilirudi leo na kingine mgongoni, nikakiambia hakimo, kikasimama weee mpaka mstari ukaisha, na mimi nikasema ndiyo, hakimo, umefanya vizuri, na Jumatano akasema kimerudi tena, kiburi gani kile, hata hakiombi, kinasimama tu, na nikasema kitazoea, na Alhamisi akasema leo kimekuja kimekaa chini, na Ijumaa wifi hakuniambia kitu, na mimi sikumuuliza.