Behewa Maalum la Mwalimu Awiti

Haya yote ni kweli tupu. Naapa kwa kofia hii ya reli mnayoiona kichwani mwangu, na Waruguru, mwenye kibanda hiki cha chai, ndiye shahidi. Nikipatikana na uongo, hata wa ukubwa wa chembe ya sukari, nitaosha vikombe vyake wiki nzima, na sufuria ya maharagwe juu. Githinji fundi viatu amesikia. Basi nipeni nafasi nianze kabla chai haijapoa.

Humu humu Makongeni, kwenye nyumba za reli, kuna mstaafu mmoja aitwaye Seth. Mimi simjui sana, ni mtu wa kusalimiana naye tu. Lakini kila mtu anajua jambo moja juu yake: kwamba mwaka wa 1986 shirika la reli lilimpeleka Uskoti miezi sita kusomea mambo ya mizigo. Aliondoka kuli, akarudi karani. Watu wanalijua hilo kwa sababu Seth mwenyewe hachoki kulisema. Kwa maelezo yake, baridi ya Uskoti ni kali kiasi kwamba mtu akipiga chafya, chafya inaganda hewani, inaanguka chini na kuvunjika, na mji umeajiri wafagiaji wa kazi hiyo peke yake. Kondoo wa huko huvaa sweta juu ya sufu yao. Treni haiingii stesheni mpaka ipige hodi, na mkuu wa stesheni aitikie.

Ukweli ni kwamba miezi hiyo sita Seth aliimalizia Voi, kwenye ghala la mizigo, katikati ya magunia ya katani. Uongo wake ulikuwa haujamdhuru mtu kwa karibu miaka arubaini. Ulikuwa umezeeka vizuri, hata yeye mwenyewe siku nyingine akiusimulia alihisi kijibaridi mabegani.

Sasa, marehemu kaka yake, Odera, aliacha mjane aitwaye Aoko na binti aitwaye Awiti. Awiti ni mwalimu wa shule ya msingi kule Baba Dogo. Alikuwa ameomba kusomea shahada ya uzamili ng'ambo, ili akihitimu apate kazi ya ualimu huko huko, na chuo kikuu kimoja kilikuwa kimemkubali. Chuo cha wapi? Uskoti.

Seth alipoisikia habari hiyo chai ilimpalia, ikabidi apigwe mgongoni na watu wawili.

Chuo kilimpa Awiti masomo mawili achague moja: Uongozi wa Elimu au Elimu Maalum. Mwisho wa kuchagua, Ijumaa saa kumi na moja jioni. Aoko alitaka Uongozi, kwa sababu neno uongozi alilielewa na lilikaa vizuri mdomoni. Awiti alitaka lile lingine. Na ufunguo ulikuwa mkononi mwa Aoko, maana ndiye angebaki na Akech, mtoto wa Awiti wa miaka minne. Bila bibi, hakuna safari.

"Tusibishane," Aoko alimwambia binti yake. "Shemeji yangu ameishi huko. Atakalosema Seth ndilo."

Ndivyo Seth alivyoitwa Alhamisi saa kumi. Alifika mapema, lakini badala ya kubisha mlango alijifungia kwenye choo cha mwisho wa nyumba, kile cha watu wote, akakaa humo robo saa. Aliomba Uskoti ifutwe kwenye ramani kabla hajatoka. Kisha akafikiri: nikisema siijui, nitakuwa nani hapa Makongeni? Nitakuwa mzee mwenye kofia tu. Mtu akagonga mlango, ikabidi atoke.

"Karibu, shemeji. Keti kwenye kile chenye mto," Aoko alisema. "Leo wewe ndiye balozi."

"Nimeshiba, lakini chai sikatai."

"Baba mdogo," Awiti alianza, "barua yenyewe ni ya Kizungu, lakini mama anataka nitaje kwa Kiswahili. Kuna Uongozi wa Elimu, halafu kuna Elimu Maalum."

Hapo mniazime masikio. Kwa mtu wa reli, neno maalum lina maana moja tu. Behewa maalum lilikuwa lile la mwisho, lenye mapazia ya kijani na birika la fedha. Waziri alipolipanda, makuli wote walisimama wima na hakuna aliyethubutu kukohoa. Seth aliwahi kulifuta vumbi kwa nje, na siku hiyo alikula chakula cha jioni kwa mkono wa kushoto ili asiuchafue ule uliogusa.

Aliweka kikombe chini polepole. Moyo ulikuwa umetulia. "Hapa hakuna mjadala," alisema. "Ni Maalum."

"Kwa nini?" Aoko aliuliza.

"Mwalimu wa Maalum nilimwona kwa macho yangu mawili. Akiingia darasani, kuna mtu amembebea chaki. Wanafunzi wake ni watoto wa mabwana wakubwa na wa kifalme kidogo."

"Kifalme kidogo ndiyo nini?"

"Mabinamu. Wale wasiotarajia kiti."

Awiti aliinamisha uso kwenye kikombe chake. "Na darasa lenyewe lilikuwaje, baba mdogo?"

"Zulia. Mapazia ya kijani."

"Wanafunzi wangapi?"

"Wachache sana. Sita, saba. Na kila mmoja na msaidizi wake wa kumshikia kitabu na kumfunga kamba za viatu. Watu wakubwa hawajifungi viatu, Awiti."

Awiti alikohoa kikohozi kirefu kisichokuwa na mafua. Lakini Aoko alikuwa ameshasimama, mikono kifuani. "Watoto wa kifalme. Na mimi nilikuwa nang'ang'ania uongozi. Basi ni Maalum, na Akech abaki na mimi hata miaka kumi. Jumapili nitasimama mbele ya kina mama wa kanisa waniombee huyu mtoto, asije akashika kijiko vibaya mezani pa watu."

Seth alitoka akitembea kama aliyepandishwa cheo. Alikuwa amefika kwenye mfereji wa maji Awiti alipomfikia.

"Baba mdogo, Uskoti ulienda lini?"

"Themanini na sita."

"Kwa ndege au kwa treni?"

"Vyote viwili."

"Elimu Maalum ni ya watoto wanaopata shida kujifunza. Asiyeona, asiyesikia, anayesoma herufi zikamrukaruka. Mwalimu yeyote anajua. Hata aliyefika Kisumu tu anajua."

Seth aliuangalia mfereji. "Mimi nilikuwa upande wa mizigo."

"Ulikuwa Voi."

"Nani amesema Voi?"

"Wewe. Kila Krismasi ukisinzia kwenye kiti chetu unaita stesheni. Voi, Voi, Voi. Hata Akech amejifunza."

Mzee akafungua mfereji, akanawa mikono isiyokuwa na uchafu.

"Nimepata nilichotaka, na ningeweza kunyamaza," Awiti alisema. "Lakini Jumapili mama ataliambia kanisa zima habari za wafalme. Halafu siku moja nitamtumia picha ya darasa langu, na mwongo nitakuwa mimi. Kesho kabla ya saa kumi na moja umwambie. Usipomwambia, sichagui kitu. Siwezi kusafiri na uongo wako kwenye sanduku langu."

"Na akirudi kwenye Uongozi? Au akimkataa Akech?"

"Basi utakuwa umenibakisha hapa, na utaniona kila siku nikipita hapa mferejini. Nina mtoto darasani, Nafiso. Akitaka kuandika b inatoka d. Mwalimu aliyenitangulia aliandika neno moja kwenye ripoti yake: mvivu. Mimi nilimwagia unga kwenye sinia, achore herufi kwa kidole. Sasa anasoma mabango yote ya barabarani kwa sauti, mpaka watu wanamwomba apumzike. Lakini hapo ndipo elimu yangu imeishia, baba mdogo. Kuna wengine wanne nyuma yake na sijui nianzie wapi."

Seth alirudi nyumbani na lile neno moja. Mvivu. Lilikuwa limeandikwa kwenye ripoti yake pia, darasa la nne, mwaka ambao herufi zilikuwa zikimtembea ubaoni kama siafu na mwalimu akimchapa kwa kila siafu aliyekimbia. Hakurudi darasa la tano.

Ijumaa, saa kumi na dakika chache, alimkuta Aoko akichagua mchele, Awiti kando yake na simu mkononi. Seth alivua kofia. Kofia hiyo huwa haivuliwi hata kwa sala ya chakula, kwa hiyo Aoko alidhani kuna msiba.

"Shemeji, mimi Uskoti sijafika. Nilikuwa Voi."

Aoko alitupa jiwe dogo nje ya ungo. "Voi najua. Marehemu alikuwa akikutumia dagaa za omena kwa treni kila mwisho wa mwezi. Unafikiri nani alikuwa akizifunga?"

"Miaka yote hii unajua?"

"Ile chafya inayovunjika niliipenda."

"Na ubalozi ulionipa jana?"

"Nilitaka nione utapanda mpaka wapi. Niliona utaishia kwa kondoo wenye sweta, halafu uniambie lile moja unaloweza kuliambia bila Uskoti, kwamba mtoto aende asomee anachokipenda." Ungo ulisimama. "Lakini la watoto wa kifalme nililiamini, Seth, nikadhani umelisikia kwa wakubwa wa reli. Na nimeshamwambia mke wa mchungaji."

Hakupandisha sauti, na Seth angeona afadhali angepandisha.

"Sasa nieleze hili Maalum ni nini hasa, maana naona hata huyu binti yangu amenificha. Na usiponieleza vizuri, tunarudi kwenye Uongozi."

Awiti alifungua mdomo. Seth akainua mkono, akaomba aeleze yeye.

Alieleza siafu wa ubaoni. Alieleza neno lililoandikwa kwenye ripoti. Alieleza jinsi alivyofika Voi akiwa na miaka ishirini na saba, kuli asiyejua kusoma, anayepeleka magunia kwa kufuata rangi ya kamba, na jinsi alivyokaa jioni baada ya jioni akifuatisha lebo za mizigo kwa kidole juu ya vumbi la sakafu, herufi moja mpaka iache kutembea. "Neno la kwanza kusimama lilikuwa na herufi tatu tu, V, O, I. Nililisoma mara mia. Niliporudi nikawa nasoma, watu wakauliza, wewe umesomea wapi? Ningesema nini? Kwamba mwanamume mzima alikuwa sakafuni na kidole? Nikasema Uskoti. Ulikuwa mji wa mbali zaidi nilioujua."

"Uskoti si mji," Awiti alisema taratibu.

"Unaona? Shemeji, watoto wa Maalum si wa kifalme. Mmoja wao ni mimi. Ningekuwa na mwalimu kama huyu darasa la nne, nisingekuwa na haja ya chafya za kuvunjika."

Aoko aliutikisa ungo muda mrefu kuliko mchele ulivyohitaji.

"Saa ngapi sasa?" aliuliza.

"Kumi na dakika arubaini na nane," Awiti alijibu.

"Mbona unanitazama? Chagua Maalum. Akech abaki." Kisha akamgeukia shemeji yake. "Na Jumapili sitasimama mimi. Utasimama wewe, uwaambie kina mama kwamba wafalme wameahirishwa."

Awiti alibonyeza. Simu ikafikiri, ikafikiri tena, halafu ikasema imepokea. Aoko akaenda kuinjika ule mchele, na Seth akaambiwa amalizie kuuchagua uliobaki, kwa kuwa macho yake yalikuwa na uzoefu wa vitu vidogo vinavyotembea.

Huo ndio mwisho, na kila neno lake ni kweli.

"Mzee Zedekiah," Waruguru akasema. Alikuwa ameegemea meza, kitambaa begani. "Huyo Seth alipokuwa amejifungia chooni, nani alikuwa ndani naye, akayasikia hayo maombi ya ramani?"

"Alinihadithia mwenyewe."

"Si ulisema ni mtu wa kusalimiana naye tu?"

"Siku hiyo salamu zilirefuka."

Githinji hakuinua macho kwenye kiatu alichokuwa akishona. "Wacha hizo, mzee. Aoko tunamjua, mimi ndiye hutengeneza viatu vyake. Ana shemeji mmoja tu hapa Makongeni, na haitwi Seth."

Nikawaambia kwamba jina ni kitu kidogo, kwamba yaliyobaki yote ni kweli tupu, na kwamba hata chembe ya sukari ina pande nyingi. Waruguru hakubishana nami. Aliingia ndani akatoka na karai, akaliweka miguuni pangu, vikombe thelathini na kimoja ndani yake, na ile sufuria ya maharagwe iliyoungua chini.

"Jumapili ni kesho," akasema. "Nitafunga kibanda nikamsikie huyo Seth kanisani. Sasa anza na sufuria."

Nikavua kofia, nikakunja mikono ya shati. Maji ya mfereji asubuhi hii yalikuwa baridi, jamani, baridi ya kuingia kwenye mifupa. Kabla sijafika kikombe cha pili nikapiga chafya kubwa.

Githinji akaacha sindano, akainama kutazama chini kama imevunjika.