Mfuko wa Kwanza Mara Tatu

"Haiwezi kuwa hiyo," Fatu akasema. "Angalia tena, mwanangu. Labda umefungua akaunti ya mtu mwingine."

Loyce akaangalia tena kwenye kompyuta yake. Ofisi ya wakala wa mifuko ya uwekezaji pale Korogwe ni kachumba kamoja tu, ukuta kwa ukuta na fundi simu, na feni yake ina kelele kuliko upepo.

"Ndo yenyewe, bibi. Kila shilingi mia uliyoweka, imebaki sabini."

"Thelathini imekwenda wapi?"

"Haijaibiwa. Bei imeshuka."

Fatu akacheka kidogo, kama mtu aliyetaniwa msibani.

Mwaka jana bomba la mafuta lilipita shambani kwake, akalipwa fidia. Jirani yake Mwinjuma alikuwa anauza eka mbili, udongo mweusi mpaka unatamani kuupika, ila hauzi nusu. Fidia ikapelea kidogo, kidogo tu. Mwinjuma akamwambia, "Dada Fatu, nakungoja mpaka masika. Mvua ikikukuta huna, nauza." Basi ndo Fatu akasikia habari za hii mifuko: watu mnachanga, wajuzi wanazungusha hela kwenye hisa, faida mnagawana. Loyce akamsomea orodha nzima, mifuko ya hapa na ya nchi jirani, mwaka kwa mwaka.

Fatu aliisikiliza orodha ile kama anavyochagua mahindi. Kijijini kwake hakuna asiyelijua jicho lake. Hindi analitundika juu ya jiko, moshi ulilinde na wadudu, na uzao ukibeba vizuri misimu mitatu mfululizo, huo hauliwi. Huo ni mbegu. Watu wanatoka mpaka Mashewa kumwomba. Aliposikia kuna mfuko umekuwa wa kwanza mara tatu, akapiga meza: "Huo huo! Weka yote."

Mstari wa chini, ule unaosema matokeo yaliyopita hayaahidi yajayo, Loyce aliusoma mbiombio, kama mtu anayemaliza dua huku anakiona chakula.

"Labda ningechukua wa Kenya," Fatu akasema sasa.

"Nao umeshuka, bibi."

"Wa Uganda?"

"Bibi yangu, ni kote. Nilienda semina, mwalimu akatuonyesha nchi kibao, mpaka Ulaya huko. Wa kwanza mwaka huu, mwakani unamkuta katikati, au chini kabisa. Wanaorudia ni wachache, na huwezi kuwajua mapema."

"Kwa hiyo hakuna kinachodumu?"

Loyce akajikuna kichwa kwa kalamu. "Wa mkiani. Hao ndo wanadumu. Wa mwisho mara nyingi anabaki wa mwisho."

"Hilo ningewafundisha mimi. Bila semina."

Wakacheka wote wawili. Halafu Loyce akaona haya, akaanza kupanga karatasi zilizokwisha kupangwa.

"Ungesubiri, bibi. Bei huwa inapanda tena."

"Lini?"

Loyce akachungulia mlangoni. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha juzi. Ndo maana Fatu alidamka kuja huku.

"Nitolee iliyobaki."

"Sawa. Itaingia kwenye simu baada ya siku kama kumi."

Siku kumi! Fatu akaaga. Akapanda basi la Handeni, akashuka njia panda, akachukua bodaboda mpaka kwa Mwinjuma. Njia nzima alikuwa anapanga maneno: akikataa kuuza nusu, amkodishe. Akikataa kumkodisha, amwachie hata ukanda wa pembeni.

Akakuta shamba limejaa watu, wameinama.

Mwinjuma alikuwa amesimama pembeni, mabuti yana tope. "Ilinyesha, dada Fatu. Nilikwambia."

"Ungenipigia."

"Nikupigie uniambie nini?"

"Kachukua nani?"

"Mtu wa mjini. Kalipa yote jana, kwa mkupuo." Alisema huku anaangalia mabuti yake.

Katikati ya shamba Husna, mke wa jirani mwingine, akanyoosha mgongo, akapaza sauti. "Bibi Fatu! Wanataka watu mpaka kesho! Elfu tano na uji!"

"Uji wenyewe una sukari?"

"Uji umesahau hata sukari inavyofanana!"

Vibarua wakacheka. Fatu akavua kandambili, akaziweka pamoja kwenye majani, akafunga kanga kiunoni na kuingia.

Hawakumpa jembe. Wakampa ncha ya kamba ya kunyooshea mistari, akae kona ya mwisho.

"Vuta, bibi!" msimamizi akapiga kelele kutoka upande wa pili.

Akavuta. Kamba ikainuka kwenye tope, ikarusha matone.

"Bado!"

Akarudi nyuma hatua moja, visigino vikazama. Akarudi nyingine.

"Bado, bibi! Rudi nyuma!"

Akarudi, mpaka mgongo wake ukagusa ua wa miiba wa shamba la mtu mwingine.