Mlinzi wa Ghorofa ya Tatu

Saa tatu na dakika arobaini asubuhi, mlinzi wa ghorofa ya tatu aligeuka na kumwona baba. Kioo cha televisheni kikawa chekundu. Ilikuwa mara ya sita.

"Tumekufa tena," alisema baba.

"Umekufa wewe. Mimi nimekaa zangu," binti yake alijibu.

Alikuwa amekaa kwa lazima. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya plasta tangu Jumamosi, alipoteleza bafuni, na gemu hilo lilitaka mikono miwili. Yeye ndiye aliyekuwa akiandika ukurasa wa michezo ya video katika gazeti la kila wiki. Gemu lenyewe, *Mji wa Vioo*, lilikuwa bado halijatoka. Gazeti lilipewa nakala ya kuonja tu, na maoni ya mwanzo yalitakiwa kwa mhariri saa sita kamili. Mhariri alikwisha kumpigia simu: kama mkono unamsumbua, yupo mwandishi mwingine anayeutamani ukurasa huo.

Ndipo alipomwita baba, aliyestaafu baada ya kulinda ghala la dawa kwa miaka ishirini na sita.

Katika gemu, mwaka ulikuwa 2190. Mchezaji aliingia kwenye mnara wa vioo na kupanda hadi juu bila kuonekana. Mwanzoni aliulizwa aongezewe nini: nguvu, kasi au masikio. Baba alichagua masikio.

"Mpige huyo," alisema binti. "Kitufe cha kushoto. Mpige tupite."

"Nimpige kwa kosa gani? Yuko kazini."

"Baba, hiyo ni picha."

"Basi ni picha iliyoajiriwa."

Binti alicheka, kisha akatazama saa. Saa nne na robo. Alikuwa ameandika sentensi moja kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto: *Walinzi wa gemu hili ni werevu.*

"Werevu gani?" baba aliuliza, akisoma juu ya bega lake. "Hawakohoi."

"Wakohoe kwa nini? Wana mafua?"

"Mlinzi mwenye akili hukohoa kabla ya kona. Kama kuna mwizi, asikie, aende zake. Mkikutana ana kwa ana, mmoja wenu harudi kwake."

"Kwa hiyo wewe ulikuwa unawafukuza kwa kikohozi?"

"Rungu lilikaa ukutani, mama. Kifua ndicho kilichofanya kazi."

Binti aliacha kuandika. Utotoni, kwa sababu ya kikohozi hicho, aliwaambia wenzake shuleni kwamba baba yake anaumwa kifua, na mwalimu akamwekea kiti mbali na wengine wasije wakaambukizwa. Alikaa hapo muhula mzima. Hakuwahi kulisema nyumbani, na hakulisema sasa.

Aliifuta sentensi yake. Akaandika: *Walinzi hawa hawakohoi, na hilo ndilo kosa kubwa la gemu zuri.*

Baba aliweka kidude cha kuchezea juu ya goti akatazama tu. Dakika ya kwanza ikapita, ya tano, ya tisa.

"Baba, saa inakwenda."

"Iache iende. Namngoja mwenzake. Anayetoka zamu haangalii tena. Anayeingia hajaanza kuangalia."

Dakika ya kumi na moja mlango ulifunguka. Mlinzi wa pili aliingia, wa kwanza akampa funguo. Baba alipita nyuma ya migongo yao, taratibu. Kioo hakikubadilika rangi.

"Wewe!" binti alisema, akampiga begani kwa plasta, akajiumiza mwenyewe.

Saa tano na dakika hamsini na nne alituma maoni yake. Saa sita kasoro dakika moja simu ililia.

"Nimeyapata," alisema mhariri. "Hiyo ya kikohozi umeitoa wapi?"

"Kwa mtaalamu."

"Mwambie asante. Wiki ijayo, ukurasa wako uleule."

Binti aligeuka ampe baba habari. Baba hakuwa amepanda juu. Alikuwa amerudi chini kumfuata yule mlinzi aliyetoka zamu, jambo lisilompa mchezaji alama hata moja. Mlinzi alikuwa ameketi ngazini, kiatu kimoja mkononi, akisugua unyayo.

"Pole na kazi," baba alimwambia.

Saa sita na dakika mbili, mlinzi alivaa kiatu chake, akainama kufunga kamba ili arudi kwake.